Mguu wa Pili wa Minza

Vijana wangu wa chumba cha matengenezo, siku ile ya soda na keki mliniomba niwaandikie "mawili matatu" ya kazi yangu ya kushona vitabu. Mawili matatu! Mtu amekalia kiti kimoja mpaka kiti kikachukua umbo lake, halafu mnamwomba mawili matatu. Haya. Vyeo na mishahara nitavipita, kwa sababu na vyenyewe vilinipita mimi. Nitaandika habari za gundi, uzi, Mzee Faraji, na mguu mmoja wa msichana aitwaye Minza, mguu ulionisumbua kuliko hii yangu miwili yenye baridi yabisi.

Maktaba niliingilia mlango wa ufagio. Darasa la saba nilifaulu, tena nilifaulu hivi kwamba mwalimu mkuu mwenyewe alitembea mpaka kwetu Kamanga kuleta barua ya sekondari. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia. Kaka yangu akaenda sekondari, mimi nikaenda ufukweni kushona nyavu, na ile barua ikashikilia meza miaka na miaka bila likizo. Sijaona tena mtumishi mwaminifu namna ile.

Nilipoolewa nikapata kazi ya kufagia maktaba, ng'ambo, Nyamagana. Kila asubuhi navuka na kivuko, kila jioni narudi. Nilikuwa nafagia sehemu ya hadithi kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, na sakafu ya pale iling'aa mpaka watu wakawa wanajitazama humo wakichana nywele. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasoma nikiwa nimesimama, ufagio umenishikilia.

Siku moja ndala yangu ilikatika nikaishona kwa uzi wa nyavu. Mzee Faraji alikuwa anapita. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wa vitabu, mzaliwa wa mjini, baba yake alijalidi misahafu ya mtaa mzima. Akainua miwani.

"Binti, fundo hilo umejifunzia wapi?"

"Shikamoo Mzee. Kwenye nyavu."

"Marahaba. Weka ufagio chini. Vitabu vyangu vinavuja kuliko nyavu za baba yako."

Siku ya kwanza kwenye meza yake aliniambia nipike gundi: unga wa ngano, maji, na chembe ya mrututu ili mende wasile. Nikapika kama nilivyozoea kupika, nasonga, nageuza, nafunika. Nilipofunua, Mzee Faraji alitazama sufuria, akatazama juu, akasema kwa adabu kabisa, "Ahsante, binti. Sasa tuletee na mboga." Wiki ya kwanza nilitumia uzi wa nyavu, ule mkavu, nikaupiga kwa nguvu za ukoo mzima, ukapita katikati ya kitabu cha jiografia kama msumeno. Afrika ikabaki mkononi kwangu, Asia ikaanguka chini. Tangu hapo nilijua kwamba karatasi haitaki kukazwa kama samaki anayetaka kutoroka. Ule mfupa wa ubavu wa ng'ombe wa kukunjia karatasi ni wake, na lile jiwe la ziwani la kugandamizia nililibeba mimi kutoka Kamanga, nimewaachia. Uzito wake ni kama wa ng'ombe mwenyewe.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha ni sheria moja. Vitabu vingi vya zamani vimeshonwa kwa vitita, kila kitita kurasa kumi na sita. Kitita kikipotea, fundi anahesabu, anakata karatasi nyeupe za ukubwa uleule, anazishona palepale. "Fundi anashona karatasi, hashoni maneno," alisema Mzee. "Siku kurasa zikirudi, zikute nafasi yao."

Sasa ndipo alipoingia Minza.

Alikuja ndani ya sanduku la vitabu vya msaada, riwaya isiyo na jalada, isiyo na jina, isiyo na mwandishi, imelowa ikakauka mara nyingi. Minza ni msichana wa miaka kumi na minne. Anataka shule, baba yake anataka ng'ombe. Anaficha sare yake ndani ya kihenge cha mtama, anasoma kwa mwanga wa jiko, anakimbia alfajiri sare ikiwa imejaa mtama mfukoni, anafika kwenye kivuko, baba yake anaonekana kule nyuma mlimani na fimbo. Nageuza ukurasa wa 176, mstari wa mwisho: "Minza akaweka mguu mmoja kwenye kivuko, na mguu wa pili".

Basi. Hakuna kingine. Kitita cha mwisho kimetoweka. Nilipiga ukelele mpaka msomaji mmoja wa magazeti akaomba radhi bila kujua amekosa nini.

Kwa sheria ya Mzee nikashona kurasa kumi na sita nyeupe, nikatengeneza jalada la bluu, nikaandika juu yake MINZA, nikakipanga rafuni. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu, kosa ambalo fundi wa vitabu pekee anaweza kulifanya: nilimpa binadamu mwenye hamu kurasa nyeupe na mguu unaoning'inia hewani.

Wakaanza kuandika. Mwezi haukuisha, kila aliyeazima alimaliza hadithi kwa penseli yake. Na mnajua, kuandika kwenye kitabu cha maktaba ni kosa, na kila Ijumaa alasiri ilikuwa kazi yangu kupita na ufutio. Nikawa nasoma kwanza. Jamani! Yaani msichana akitaka shule kwenye hadithi, watu wote wanaanza kutafuta nyoka. Minza aliumwa na nyoka mara tatu. Alipigwa na radi. Alikula muhogo mchungu. Alirogwa na shangazi. Mmoja, nafikiri alikuwa karani, alimwozesha kwa nahodha kabla kivuko hakijaondoka. Nilihesabu: Minza alikufa mara tisa, na mara tisa nikamfufua kwa ufutio. Wale waliompandisha kivukoni nao nilipaswa kuwafuta, ila siku hizo ufutio ulikuwa na tabia ya kupotea. Nakiri leo, kwa kuwa pensheni imeshatoka.

Wakati huo na mimi nilikuwa kivukoni, mguu mmoja. Nilikuwa nimejiandikisha shule ya usiku, ingawa ilianza saa kumi alasiri. Tuliiita ya usiku kwa sababu kufika nyumbani kulikuwa giza. Darasa letu lilikuwa la kina mama watupu, na kelele zake zilisikika Ukerewe. Jirani yangu wa dawati alikuwa Nyangeta, muuza samaki, mwanamke ambaye akicheka daftari zinajifunga zenyewe. Sote tulimsoma Minza, tukawa tunamjadili kivukoni kila jioni kana kwamba ni mpangaji mwenzetu.

Mume wangu, Baba Kulwa, ni seremala wa mitumbwi. Mtu mwema. Anaongea habari za mbao, za upepo, za siasa, za mpira, za kila kitu isipokuwa kile kinachomkera. Siku za darasa alibaki na mapacha wetu, Kulwa na Doto, na alitakiwa apike. Mafundi wenzake ufukweni wakapata sikukuu. "Seremala! Leo umeonja chumvi?" "Seremala, tukuchongee mwiko?" Alivumilia kidato cha kwanza, akavumilia cha pili, akavumilia cha tatu. Kisha jioni moja, akiwa anatazama moto, akasema:

"Mama Kulwa, muhula huu ukiisha, inatosha. Umeshajua kusoma vya kutosha. Huo mtihani wa kidato cha nne si lazima."

Fomu ya kujiandikisha kwa mtihani ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na ilitakiwa irudishwe kabla ya muhula kuisha. Nikasema, "Nimekusikia, Baba Kulwa." Fomu nikaiacha humohumo, tarehe yake ya mwisho ikichungulia mdomoni mwa mkoba. Msinione hivi, mimi ni mwepesi wa kucheka na mzito wa kubishana. Nikiwa na hasira napika vizuri zaidi, basi.

Siku chache baadaye akaniuliza, akijifanya anatafuta patasi, "Huyo Minza mnayemteta kivukoni ni nani?"

"Msichana anayetaka shule."

"Alivuka?"

"Haijulikani. Kitabu kimekatika, mguu mmoja uko juu ya kivuko."

"Na wa pili?"

"Haijulikani."

Mume wangu akaweka patasi chini. Mnamjua fundi wa mitumbwi? Ukimwachia kitu nusu hali, halali. Jumamosi iliyofuata alivaa viatu vya kanisani, akavuka, akajiandikisha uanachama, akaazima Minza. Shule aliishia darasa la nne tu, akawa anasoma kwa kidole, midomo inatembea.

Ijumaa iliyofuata kitabu kikarudi mezani kwangu. Nikafungua kurasa nyeupe, ufutio mkononi. Herufi kubwa, nene, zimelala kama mbao:

MGUU WA PILI UKARUDI NCHI KAVU. NYUMBANI KULIKUWA NA WATOTO NA MOTO HAUJAWASHWA.

Penseli bapa ya seremala. Katika mji wote wa Mwanza na visiwa vyake mtu mmoja tu anaandika M kama mlango wa banda. Nilikaa. Kufuta nilitakiwa kufuta, na ya namna hii nilikuwa nafuta kwa furaha. Mkono ukakataa. Nikachukua penseli yangu nyembamba, mimi mtunza sheria, nikaandika chini yake: "Minza ana miaka kumi na minne. Watoto wametoka wapi?"

Kitabu kikaondoka Jumamosi, kikarudi Ijumaa.

BASI NI WADOGO ZAKE.

"Wadogo zake hawana baba?"

BABA ANACHONGA MTUMBWI.

"Mtumbwi ukishachongwa unaliwa?"

BABA HAJUI KUPIKA DAGAA. ANAUNGUZA.

"Minza naye hakuzaliwa anajua. Aliunguza mpaka akajua."

Nyumbani, neno moja hakuna. Tunakula ugali, anaongea habari za upepo. Mimi naongea habari za upepo. Mtu angetusikia angedhani tumeajiriwa na idara ya hali ya hewa. Lakini maktaba nzima ilikuwa imeshajua. Foleni ya kumwazima Minza ilifika, sitii chumvi, au natia kidogo, mpaka barabarani. Nyangeta akaandika pembeni kwa wino wake wa zambarau: "Ninyi wawili kazeni mwendo, kurasa zinaisha." Wiki ya sita mume wangu akaandika mstari mmoja tu, mdogo kuliko yote:

WATU WANAMCHEKA BABA.

Kumbe hakuwa anagombana na shule. Nilikibeba kitabu hicho kwa siku nne, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilichelewesha kitabu. Mwishowe nikaandika: "Na Minza anachekwa, tangu darasa la kwanza. Bado yuko kivukoni. Angependa baba yake amwone akipanda." Sikuweka mzaha. Mzaha uliisha kwenye penseli.

Wiki hiyohiyo Bosi wetu, mkutubi mkuu, akafungua Minza. Masikini, alitaka kuona tu kwa nini kina foleni. Alitoka ofisini amekishika kwa vidole viwili kama panya.

"Mama Kulwa, wakaguzi wanakuja Jumatatu. Kitabu hiki kikasafishwe leo, kila neno. La sivyo kinaondolewa."

"Sawa, Bosi. Kiko kwa msomaji mmoja tu, kikirudi mchana nasafisha."

"Kiko mkononi kwangu."

"Ndiyo, Bosi, sasa nakiona." Nilijibu ovyo kwa sababu nilikuwa nimepagawa, wanangu. Fomu mwisho wake ulikuwa Jumatatu. Mume wangu alikirudisha asubuhi ile kaunta, nami sikuwa nimekifungua. Nikakaa kwenye meza na ufutio. Ukurasa wa kumi na sita, wa mwisho kabisa, palipobaki nafasi ya viganja viwili:

MGUU WA PILI UNAPANDA JUMATATU. FOMU IPELEKWE. BABA ATAUNGUZA DAGAA MPAKA AJUE.

Nililia kwenye gundi. Gundi ikawa nyepesi, ikaharibika. Mzee Faraji alikuja, akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, taratibu, na miwani yake ikapata ukungu, akasema ni mvuke wa sufuria.

"Mzee, Bosi anasema nifute."

"Sheria inasema tufute maandishi kwenye kurasa za kitabu," akasema. "Hizi ni kurasa za kitabu?"

"Ni karatasi zetu nyeupe, Mzee."

"Basi kitabu ni kisafi. Kimebeba tu barua za watu." Akachukua kisu, akakata uzi, akatoa kile kitita kizima bila kuchana hata ukurasa mmoja, akakifunga kwa kitambaa akakiweka kwenye droo ya chini. Tukashona kumi na sita nyingine nyeupe. Wakaguzi walipokuja walisifu.

Fomu niliipeleka. Nilipofika nyumbani Jumatatu ile nilimkuta Baba Kulwa amepiga magoti anapuliza moto, mapacha wamejifunika pua kwa khanga yangu. Dagaa walikuwa weusi kuliko lami. Nilikula wote. Akaniuliza habari za upepo, nikamwambia ni mzuri.

Asubuhi ya mtihani alinibebea mkoba mpaka kivukoni, akapita katikati ya mafundi wenzake.

"Seremala, leo na mkoba wa kike!"

"Na chai nimeshapika," akajibu bila kugeuka. "Njooni mnywe kama mna adabu."

Kwenye mlango wa kivuko nilisimama, mguu mmoja kwenye chuma, mmoja kwenye mchanga wa Kamanga, nikatafuta neno la kumwambia baada ya wiki zote zile za upepo. Akanitangulia.

"Mama Kulwa. Huo mguu wa pili watu wanausubiri."

Hiyo ndiyo mara pekee alipoutaja kwa mdomo. Mtihani nilifaulu, na kwa furaha ya Nyangeta, aliyefaulu pia, samaki wa soko zima waliuzwa siku hiyo kwa kelele tu.

Mzee Faraji alishatangulia mbele za haki, nami nikarithi kiti. Miaka ikapita kama vitabu vya watoto: haraka, na michoro. Mpaka mwezi wangu wa mwisho kazini, pale Zawadi, wewe hapo, ulipofungua sanduku la msaada ukasema, "Mama, hii si hadithi yako?" Nakala nzima. Ina jalada, ina jina refu kama treni, ina kitita cha mwisho.

Niliosha mikono kabla ya kusoma. Ukurasa wa 177: mguu wa pili ulirudi nchi kavu. Baba alimsamehe. Minza akaolewa na mwenye ng'ombe, na ukurasa wa mwisho anakaa mlangoni kwake akicheka ujinga wake wa zamani wa kutaka shule. MWISHO. Mwandishi hata nyoka hakumpa! Zawadi ulikasirika ukasema, "Mama, siku hizi angepita tu darajani kule Busisi, nani angemwona?" Nilicheka mpaka nikakaa, maana nilikuwa nataka kulia.

Nikakiazima, nikavuka nacho. Baba Kulwa alikisoma barazani, bado kwa kidole, kurasa zile kumi na sita jioni nzima. Alipomaliza alikifunga. Kisha akasema, "Mama Kulwa, huyu aliyeandika hajawahi kusubiri mtu kivukoni," akaingia jikoni kugeuza dagaa. Siku hizi hawaungui. Majirani wanatuma watoto na bakuli.

Siku yangu ya mwisho, ninyi mkiwa mnapanga keki, nilifanya kazi yangu ya mwisho. Kurasa zilikuwa zimerudi, na sheria ya Mzee ni sheria: nilizitoa kwenye nakala mpya, nikazishona mahali pa zile nyeupe kwenye Minza wetu wa bluu, na pengo la nakala mpya nikalijaza karatasi nyeupe. Halafu nikafungua droo ya chini, nikafungua kitambaa, nikashona na zile za kwetu nyuma yake. Kwa hiyo sasa Minza anarudi nyumbani ukurasa wa 177, na ukurasa wa 193 anaanza kurudi kivukoni.

Nilipokuwa nagandamiza kwa jiwe ndipo nikaona kitu ambacho sikukiona nyumbani. Ukurasa wa 192, mwandishi alipopiga chapa MWISHO, pembeni yake kuna neno moja, herufi nene, zimelala kama mbao: BADO.

Ijumaa mkipita na ufutio, mkifika hapo, geuzeni ukurasa.